Mkasi Uliosimama

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limesahaulika zamani. Kila mtu alimwita Kimbunga, na mwenye macho hakuhitaji kuuliza kwa nini. Ngazi alizipanda mbili mbili, chai aliinywa ikiwa bado inachemka, na swali alilijibu kabla hujalimaliza. Akishika mkasi ndiyo usiseme. Kitambaa kilichopangwa tabaka juu ya tabaka, ambacho mkataji mwingine angekizunguka kwanza akikuna kichwa, yeye alikipitia moja kwa moja huku akiimba, na vipande vya mashati vikaanguka upande wa pili vikiwa sawasawa.

Kiwanda cha familia kilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la vyombo. Kimbunga alikuwa mwanzo wa chumba, kwenye meza ya kukatia. Waliofuata ni Pacha, binamu zake wawili wenye cherehani zilizotazamana, mmoja akiunga mabega na mikono, mwingine akipachika kola. Kisha Shangazi, aliyetengeneza matundu ya vifungo na kushona vifungo vyenyewe. Mwisho kabisa, karibu na mlango, alisimama Shemeji na pasi yake. Na aliyewaamrisha wote hao alikuwa Dada, mtoto wa kwanza, mke wa Shemeji, aliyerithi kiwanda cha marehemu baba pamoja na mdomo wake.

Baba aliacha kitu kingine pia: mchezo wa kuzikana. Ukimaliza kazi yako unairundika mbele ya anayekufuata, na jioni watu wanazunguka kutazama nani amemzika mwenzake zaidi. Mshindi anapigiwa makofi, na redio ya kesho inakuwa mali yake. Ndiyo maana kwenye chumba kile ulisikia siku nzima watu wakitishiana, "Leo nakuzika!" na kujibiwa, "Chimba, lakini mimi sifi!" Baba aliamini kwamba mtu akiona mlima mbele yake hukaza mwendo. Kimbunga alishinda mchezo huo mara nyingi mpaka redio ikawa kama ya kwake. Shangazi hakuwahi kushinda hata siku moja. Angemzika nani? Shemeji alikuwa akisinzia kwenye meza ya pasi akisubiri shati.

Jumanne asubuhi Dada alimvuta Kimbunga kwenye ngazi na kufunga mlango nyuma yao.

"Mashati ya wauguzi yanatakiwa Ijumaa mchana," alisema. "Metroni, mkuu wao, anakuja kuyachukua mwenyewe. Siku ya pili yake wanahitimu."

"Yatakuwa tayari."

"Hivyo hivyo tulisema kwa ile kwaya. Tukasema tena kwa wale wahudumu wa hoteli. Na mara zote mbili kazi ilikwama wapi?"

Kimbunga alijua. Kila mtu alijua. Alitazama viatu vyake.

"Kwa Shangazi," Dada alijijibu. "Kamba hukatikia pabovu, mdogo wangu. Miguu inamvimba, macho yanachoka, na rundo lote linaishia kwake. Nimeshazungumza na fundi mwingine. Hii ya wauguzi ikichelewa, Shangazi atakwenda kupumzika nyumbani."

"Kupumzika? Afanye nini huko? Ahesabu vigae vya dari?"

"Unadhani mimi nafurahi?" Dada alisema, na sauti yake ikakwaruza kidogo. "Alinilea mimi kama alivyokulea wewe."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililouma. Mama yao alipofariki, Shangazi alihamia kwao na sanduku moja na cherehani moja, na hakuondoka tena. Ndiye aliyemwekea Kimbunga mkasi mkononi kwa mara ya kwanza, akamkunja kidole gumba mahali panapostahili. Ukimtoa mtu kama huyo kwenye mlio wa cherehani ukamkalisha peke yake na saa ya ukutani, umemwonea. Kimbunga aliapa moyoni kwamba halitatokea. Atamwokoa Shangazi, na atamwokoa kwa njia aliyoijua: atakata mbio kuliko alivyowahi kukata, ili mashati yamfikie bibi wa watu mapema, apate muda wa kutosha!

Jamani, alikata. Jumatano nzima mkasi wake haukupumua. Alikata saizi ndogo zote, akavamia za kati, akaingia kubwa kabla jua halijafika utosini. Pacha walipoona wanazikwa wakapandwa na mashetani, wakakanyaga pedali mpaka sakafu ikatetemeka na muuza vyombo wa chini akagonga dari kwa ufagio. Mashati yakaruka kutoka kwa Pacha kwenda kwa Shangazi. Rundo likapanda likafika kwenye taa yake, likaipita taa, likammeza na yeye mwenyewe.

"Shangazi, upo?" aliita Pacha mmoja akicheka.

"Nipo," sauti ilijibu kutoka nyuma ya mashati. "Nawasikia tu."

Jioni makofi yalipigwa, na Kimbunga akawa mshindi. Lakini mashati yaliyofika kwa Shemeji yalikuwa machache kiasi kwamba alikuwa ameyapiga pasi, akayakunja, akayakunjua, akayapiga pasi tena kwa upweke. Dada alitazama rundo, akamtazama Shangazi aliyekuwa ameinama chini ya meza akiokota yaliyoanguka, na hakusema kitu. Dada akinyamaza, afadhali akutukane.

Kimbunga alifika nyumbani moyo ukiwa mzito lakini miguu bado inakimbia. Mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha fizikia darasani na nje ya darasa, alikuwa jikoni akimenya vitunguu.

"Chupa ya mafuta imeisha," alisema. "Naomba uijaze."

Kimbunga akachukua dumu la mafuta ya kupikia, akatia faneli kwenye mdomo wa chupa, akainamisha dumu lote kwa mpigo. Mafuta yakajaa faneli, yakafurika pembeni, yakateremka mezani, yakamwingia kwenye kiatu.

"Loo!"

"Kila wiki," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Kila wiki tunaikaanga meza hii."

"Nina haraka!"

"Haraka ya nini? Mdomo wa chupa ndio unaopanga mwendo, si mkono wako. Umimine kwa hasira, umimine kwa mapenzi, chupa inapokea kiasi kile kile. Yanayozidi yanakwenda kiatuni." Akageuka sasa, kisu mkononi, macho yakiwaka kama ilivyokuwa kawaida yake akipata mwanafunzi asiyeweza kukimbia. "Na si mafuta tu, mke wangu. Moyo wako unapitisha damu kwa funda, funda moja baada ya jingine. Moyo huo ungekuwa na papara kama mwenyewe, tungekuzika asubuhi. Sokoni ni vilevile. Pesa ikitoka kwa muuza samaki ikaenda kwa fundi viatu, ikaenda kwa muuza mkaa, soko lina uhai. Ikirundikana kwa mmoja, wengine wote wanakaa wanapiga miayo, ingawa pesa ipo! Au chukua mlango wa ukumbi watu wakitoka. Wakisukumana…"

"Umesema nini?"

"Wakisukumana mlangoni…"

"Kabla ya hapo. Ulisema wanapiga miayo."

"Wasiofikiwa na pesa. Ndiyo. Wanakaa bure."

Mawazo ya Kimbunga yalikuwa kiwandani. Alikuwa anamwona Shemeji anasinzia juu ya pasi. Alitazama faneli, akatazama dumu, akautazama mkono wake mwenyewe ulioshika dumu. Nyani haoni kundule! Siku zote alikuwa akitafuta kilichomchelewesha Shangazi, na siku zote alikuwa amekishika mkononi kikiwa na vishikio viwili na makali mawili.

"Ni mimi!" alipiga kelele.

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi ninayemzamisha!" Akamkumbatia Mwalimu kwa mikono ya mafuta, pamoja na vitunguu vyake, akambusu shavuni. Mwalimu, ambaye katika miaka yote ya kufundisha hakuwahi kubusiwa kwa ajili ya faneli, alibaki ameshika kisu hewani.

Alhamisi alifika kiwandani kabla ya wenzake, lakini Shangazi alikuwa ameshawasili na kuwasha taa. Kimbunga hakugusa mkasi. Alisimama nyuma yake akatazama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa kuwa siku zote alikuwa anakimbia. Na alichokiona kilimfanya ashike mdomo. Vidole vya Shangazi vilikuwa vyepesi kama zamani! Shati likishafika mkononi mwake, tundu, tundu, tundu, kifungo, uzi, kata, tayari. Ila kabla ya kulifikia alivuta rundo, likaporomoka. Akainama kwa miguu ile iliyovimba akaokota. Akafungua moja, akakuta ni saizi kubwa. Kipimo cha kuwekea vifungo kilichokuwa mezani kilikuwa cha ndogo, na nafasi za vifungo hutofautiana kwa kila saizi. Akaliweka kando akatafuta dogo. Lililofuata likawa la kati, tena limekunjamana kwa kulaliwa na wenzake, akalinyoosha kwa kiganja. Shangazi hakuwa mzito wa kushona. Sehemu kubwa ya siku alikuwa anajifukua kutoka kwenye kaburi walilomzika wao.

"Shangazi," Kimbunga alisema, na machozi yakamtoka bila kuaga. "Nisamehe."

"Umevunja nini tena?"

"Sijavunja. Inuka kidogo, nikusafishie meza."

Pacha walipoingia walikuta rundo limehamishwa lote, limetandazwa sakafuni kwenye shuka, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa, na kwenye meza ya Shangazi limebaki beseni moja la plastiki lenye mashati machache ya saizi moja. Beseni jingine lilikuwa mbele ya kila mmoja wao.

"Sheria mpya," alitangaza Kimbunga akirukaruka. "Beseni la mwenzako likijaa, unasimama. Huongezi hata kola."

"Tusimame?" aliuliza Pacha wa kwanza.

"Mikono mitupu?" aliuliza wa pili.

"Au mwende mkamsaidie. Mtungieni nyuzi kwenye sindano, mpangieni saizi, mkune mgongo wake, mimi sijali. Lakini kumzika, basi. Leo hazikwi mtu humu ndani."

"Na redio?"

"Redio tutajua mbele ya safari."

Wakatazamana kwa namna yao ya pacha, wakakubali kwa sababu lilikuwa jambo la ajabu, na wao walipenda mambo ya ajabu. Dada hakuwepo, alikuwa ameondoka kwenda kumchukua yule fundi mwingine.

Saa ya kwanza ilikuwa mateso. Mabeseni ya Pacha yalijaa mara moja, na Kimbunga ikambidi aweke mkasi chini. Aliikalia mikono. Alisimama, akaketi, akafagia palipofagiwa. Alitaka kukata, Mungu wangu, alitaka kukata kama mtu mwenye kiu! Mwishowe akaenda akaketi kwenye kigoda kando ya Shangazi, akawa anamkabidhi mashati moja moja, yamenyooka, kipimo kikiwa juu yake, vifungo vimehesabiwa kwenye kisahani.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kutembea. Shangazi alimaliza beseni. Likaja jingine, akalimaliza. Pacha waliposikia "leta!" walishona kidogo, wakaleta, wakasimama, wakaleta tena. Kimbunga alikimbilia mezani kwake, akakata kiasi cha kujaza beseni, akarudi kigodani. Upande wa mlango Shemeji aliamka.

"Kuna nini leo?" aliuliza, pasi mkononi, mashati yakimjia moja moja, yakija tu, hayaishi. "Nani amefungua bomba?"

Kimbunga alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuna aliyekuwa anakimbia, hakuna aliyetishia mwenzake, na bado mashati yaliyokunjwa kwenye rafu ya Shemeji yaliongezeka mbele ya macho yao. Muuza vyombo alipanda ngazi kuuliza kama wamefunga kiwanda, maana dari yake ilikuwa kimya. Haba na haba, alisema Shangazi bila kuinua kichwa, na hakuhitaji kumalizia.

Mlango ukafunguka. Dada aliingia, nyuma yake mwanamke mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni, na kitu cha kwanza alichokiona ni mkataji wake bora ameketi kwenye kigoda, mikono magotini.

"Umekufa?" aliuliza Dada.

"Nasubiri."

"Unasubiri! Kesho Metroni yuko hapa, na wewe unasubiri? Na nyie wawili, cherehani zimeharibika? Hii shuka ya nini sakafuni, tumefungua mnada?" Alikuwa ameshafika kwenye meza ya kukatia, ameshaunyakua mkasi. "Basi nitakata mwenyewe!"

Kimbunga alifika mbele yake kwa hatua moja na kuweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa. "Dada, ukikata sasa, tunazama."

"Toa mikono."

"Sitoi. Ulisema kamba hukatikia pabovu. Shangazi si mbovu, sisi ndio tulioivuta kamba kama wendawazimu! Tumemrundikia, tumechanganya saizi, tumemficha hata taa, kisha tunasema ni mzito. Tazama rafu ya mume wako. Tazama kwanza, halafu unikate mikono kama unataka."

Dada aligeuka kutazama rafu. Mkasi ulibaki wazi mkononi mwake. Yule fundi mpya naye alikuwa amesogea mpaka kwenye meza ya Shangazi, amejishika kiuno, anatazama vidole vikienda na uzi. Alitazama shati zima, tangu tundu la kwanza hadi kifungo cha mwisho.

"Mama huyu ndiye mnayetaka nichukue nafasi yake?" aliuliza.

Shangazi mkono wake ulisita juu ya kitambaa, na Kimbunga alijua kwamba alikuwa hajaambiwa, na kwamba sasa ameshaambiwa.

"Mwenzenu mimi nina watoto na ninahitaji kazi," aliendelea yule mwanamke, "lakini mkono huo siuwezi. Nitafutieni kitu kingine."

Shangazi alikata uzi, akalikunja shati, akampa Shemeji. Kisha akatazama beseni lake. Lilikuwa tupu. Akalipindua juu chini kuhakikisha, akaligonga mezani kwa ngumi.

"Kimbunga!" aliita kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu walipokuwa watoto wanaoitwa kuoga. "Kazi iko wapi? Nimekaa bure hapa! Mnataka kunistaafisha kwa njaa?"

Pacha walipiga vigelegele. Dada aliufunga mkasi, akampa Kimbunga, kwa upande wa vishikio. "Kata," alisema. "Kiasi chake."

Ijumaa mchana Metroni alifika, mrefu, mkali, akiwa na uso wa mtu aliyejiandaa kugomba. Alikuta mashati yamefungwa mlangoni, na ikawa hana pa kuutua ugomvi wake, akaishia kumgombeza Shemeji kwa kupiga pasi ngumu mno. Fundi mpya, ambaye alipewa kazi ya kupanga saizi na kuyapeleka mabeseni huku na huku, alimsaidia kuteremsha mizigo mpaka kwenye gari.

Waliporudi juu, jua lilikuwa limeingia chumbani na wote walikuwa wameketi walipokuwa, wamechoka kwa furaha.

"Haya, redio ya kesho ya nani?" aliuliza Pacha wa kwanza. "Hakuna aliyezikwa."

Dada alisimama. Alikwenda mpaka mwanzo wa chumba, akaichomoa redio kwenye meza ya Kimbunga, akapita nayo mbele ya kila mtu na kuiweka juu ya meza ya Shangazi, taratibu, kwa mikono miwili. Alitaka kusema kitu. Mdomo wa baba, uliokuwa haukosi neno, ulikosa.

"Najua, mwanangu," Shangazi alisema, akampapasa mkono. "Lakini siku nyingine uniambie mimi kwanza."

Asubuhi iliyofuata walianza kazi nyingine, sare za watoto wa shule. Wote walisubiri kuona Shangazi atafungulia stesheni gani baada ya miaka yote ile ya kusikiliza za wengine. Aliigeuza redio, akaitazama mbele na nyuma, kisha akaichomoa kwenye umeme.

"Inapiga kelele," alisema. "Mimi nataka kusikia mkasi."

Kwa hiyo walifanya kazi bila redio. Mkasi wa Kimbunga ulitembea kwenye kitambaa, cherehani za Pacha zikaitikia, na pasi ya Shemeji ikapumua mvuke karibu na mlango. Mabeseni yakajaa, na Kimbunga akauweka mkasi chini. Mikono bado ilimwasha, lakini aliiacha iwashe.

Kutoka upande wa pili Shangazi aliinua kichwa. "Mbona umesimama?"

"Nakungoja wewe, Shangazi."

Shangazi alibaki na sindano hewani. Katika chumba kile walikuwa wamemharakisha, wamemhurumia, wamemcheka na kumrundikia, lakini kumngoja hakuna aliyewahi kumngoja. Macho yakamlowa, akayafuta kwa mkono wa shati la mtoto wa watu.

"Nakuja," alisema, akainamia kifungo kilichofuata.